Wa Mwisho Kushuka Lukonge

Mimi sipendi mlima wa Lukonge, na nalisema hilo mapema asije mtu akadhani nasimulia kwa furaha. Mdogo wangu Zéphirin alikuwa bingwa wa kuushuka kwa baisikeli, na hadi leo watu wa Kindu wakikutana naye sokoni humwita Shampioni. Yeye hucheka nao. Mimi nikilisikia jina hilo naondoka, kwa sababu najua lilitoka wapi.

Tulizaliwa Kalima, katika kambi ya wafanyakazi wa migodi ya bati, wakati kampuni bado inapiga king'ora cha asubuhi na baba anatoka na chakula chake ndani ya kopo. Barabara ya migodini iliteremka hadi mtoni, nyekundu, ndefu, yenye kona za kutosha. Zéphirin hata ndevu hana, alikuwa akiipanda kwa miguu huku anasukuma baisikeli ya baba, kisha anashuka bila breki, miguu hewani, kuku na wazee wakimpisha. Mama alikuwa akimchapa na kumwambia, "Kuchota maji unachoka, kupanda mulima kwa upumbavu hauchoke!" Fimbo za mama hazikusaidia kitu. Wako watoto waliozaliwa na mpira mguuni; huyu wetu alizaliwa na mteremko.

Kampuni ilipolegea tulihamia Kindu, tukapata kiwanja mtaa wa Mikelenge. Mimi nikaolewa, nikaanza kuuza mchele. Watu wananiita Mama Chérie kwa jina la binti yangu wa kwanza, ila nyumbani naitwa yaya, yaani dada mkubwa. Zéphirin akamwoa Mado, mwanamke mpole kuliko anavyostahili yeye, akanunua baisikeli ya chuma kizito na kuwa mbeba mizigo wa barabara ya Kalima.

Asiyeijua kazi hiyo asidhani ni kukaa na kukanyaga pedali. Mzigo ukishafungwa, magunia ya mchele huku na huku na madumu ya mawese juu, baisikeli haiendeshwi, inasukumwa. Unafunga kijiti kirefu kwenye usukani na kingine nyuma ya kiti, unaisukuma kama unampeleka mgonjwa asiyetaka hospitali. Mnavuka Lualaba kwa mtumbwi, mnaishika njia, mnalala porini. Kwenye mteremko ndipo kazi inapogeuka, maana mzigo sasa unakusukuma wewe. Wengi hufunga gogo la mti nyuma likaburuzwa ili liwazuie. Wachache wenye roho ngumu husimama juu ya pedali moja, kifua juu ya magunia, na mguu wa pili, wenye kandambili ya tairi, unakandamiza gurudumu la nyuma hadi moshi unatoka kisiginoni. Zéphirin alikuwa miongoni mwa hao wachache, na hata wao hawakumfikia.

Walikuwa na desturi moja ambayo bila hiyo hadithi hii isingekuwepo. Kabla kundi halijashuka, mmoja wao hutangulia kwa miguu kufungua njia. Akikuta shimo, jiwe au gogo, anakata tawi bichi na kulilaza barabarani juu kidogo ya hapo, kikonyo kikielekea upande wa hatari. Walio juu wakiliona wanakwepa. Hata madereva wa malori hufanya hivyo gari likiharibika njiani. Na tawi lina kanuni yake: likiwa bichi, hatari ipo sasa hivi, likiwa kavu, jambo lilishapita na aliyeliweka amesahau kuliondoa, basi liondoe wewe, usiwaachie watu takataka barabarani. Hili linajulikana na kila mtu anayeishi kando ya njia ile.

Mwaka wa 1998 waasi waliuchukua mji wa Kindu. Treni ikanyamaza, malori yakachomwa au yakafichwa, wanamgambo wa Mai-Mai wakashika misitu inayotuzunguka, na mji ulio kando ya mto mkubwa namna ile ukaanza kufa njaa. Baisikeli ndizo zilizotulisha. Wabeba mizigo walipita katikati ya watu wenye bunduki wa pande mbili, kila upande ukiwashuku kuwa ni wapelelezi wa upande wa pili.

Chini ya Lukonge, mlima mkubwa wa njia ile ya Kalima, askari wa waasi waliweka bariere, kizuizi cha barabarani. Mkuu wao hatukumjua jina, tulimwita Komanda tu. Alikuwa kijana safi, msemaji wa taratibu, anakaa kwenye kiti cha mikono kilichotolewa sijui sebuleni kwa nani. Alikuwa amechoka kukaa, na mtu mwenye bunduki akichoka kukaa, majirani zake waombe Mungu. Jumapili moja aliwaona wabeba mizigo wakiteremka, akamwona Zéphirin anavyoikata kona ya mwisho, akapiga makofi. Akaamuru warudi juu na mizigo yao washuke tena, wote pamoja.

"Wa kwanza atapita na mizigo yake," alisema. "Wa mwisho atabaki na sisi."

Kubaki kulikuwa ni kufungwa kamba na kubebeshwa masanduku ya risasi kwenda msituni, ukitembea mbele ya askari ili mtego ukushike wewe kwanza. Wa katikati walipoteza sehemu ya mizigo kulingana na furaha ya Komanda siku hiyo. Aliyebaki sikusikia kwamba alirudi. Na mchezo ule ulimpendeza Komanda, ukawa wa kila Jumapili.

Watu wa siku hizi huniuliza kwa nini wabebaji hawakuacha kupita. Huwa nawauliza nami kama wamewahi kupika majani ya muhogo bila chumvi wala mafuta, jana, leo na kesho, mtoto anakutazama. Njia nyingine zilikuwa na Mai-Mai, na hao hawakuchezesha mashindano, walikukata tu. Lukonge angalau ilikuwa na wa kwanza.

Zéphirin alishinda Jumapili ile na zilizofuata. Komanda akawa anamtunzia bia na kumwita shampioni wangu, na ndilo jina mnalolisikia sokoni. Alikuwa anarudi Kindu na chumvi, sabuni, wakati mwingine samaki wa kukaushwa, na kisigino kilichoiva. Mado alikuwa anakaa chini anamwosha kile kisigino kwa maji ya vuguvugu, yeye anatazama ukuta. Siku za kwanza alikuwa anatusimulia mbio, kona kwa kona. Baadaye akaacha kusimulia.

Kisha ikafika Jumapili ya Blanchard. Blanchard alikuwa jirani yetu na mwenzake wa njia tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyekuwa anatangulia kufungua njia, na hakuwa na haraka katika jambo lolote, hata kucheka alicheka wenzake wakishamaliza. Siku hiyo mnyororo wake ulikatika juu kabisa ya mlima. Alishuka kwa kuisukuma baisikeli, akafika chini peke yake, wengine wote wameshapumzika. Zéphirin alikuwa amesimama karibu na kile kiti, chupa ya bia mkononi. Blanchard hakungoja kuambiwa. Alilaza baisikeli, akavua shati, akakaa kwenye vumbi, akaweka mikono nyuma, kwa sababu hivyo ndivyo wa mwisho walivyotakiwa kufanya, na aliyechelewa kufanya alipigwa. Wakamfunga kwa kamba ya mizigo yake mwenyewe.

"Umwambie Christelle nimebaki kidogo," alimwambia Zéphirin.

Zéphirin akalifikisha neno kama lilivyo. Christelle, mke wake, alikuwa na mimba changa, na mimba ile haikukaa. Matanga ya Blanchard hayajakaliwa hadi leo. Mtu aliyesema amebaki kidogo utamlilia vipi? Christelle anaishi barabara moja na Zéphirin, milango minne katikati. Miaka yote wamekuwa wakiamkiana asubuhi, habari ya kuamka, muzuri, na hakuna aliyezidisha neno. Ningependa zaidi wagombane.

Waasi waliondoka mwaka wa 2003. Zéphirin akaegemeza baisikeli ukutani, akashika jembe, akalima mpunga nyuma ya Mikelenge. Mtu akimwona angesema amepona. Lakini angalia vizuri. Kwenye mtumbwi yeye ni wa kwanza kupanda na wa kwanza kushuka. Kanisani anapokea Ekaristi wa kwanza, akiwapita wamama wazee bila aibu, hata padri alishamsema. Mezani anamaliza kula wengine wanaosha mikono. Tulikuwa tunamtania kwamba hata kaburini atataka kuwahi. Mado peke yake hakucheka, kwa kuwa yeye alikuwa analala naye, na alijua jinsi mkono wake ulivyokuwa unacheza hewani usiku kucha, unakata kona za Lukonge.

Mwaka jana, msimu wa mvua, alikwenda dukani kwa Jean-Bosco kununua mpira wa ndani. Jean-Bosco ni mtu wa Butembo, anauza pikipiki na vipuri, Mkristo wa kusali sana na kubana bei zaidi, na dukani ana televisheni kubwa inayoonyesha michezo kutwa. Siku ile walikuwa wanaonyesha Wazungu wanaoshuka mlima mweupe wa theluji. Wamefungwa mbao ndefu miguuni, wameshika fimbo mbili, wanapita kwa kasi kati ya vijiti vilivyochomekwa huku na huku. Watu dukani wakacheka wakasema hawa kweli wamekosa kazi. Zéphirin hakucheka. Aliona wanavyoinamisha kifua na kuuweka uzito wote kwenye mguu wa nje wa kona. Aliona mmoja wao, kabla hajaachiliwa, amefumba macho na mkono wake unacheza hewani, anaipitia njia yote kichwani.

"Hawa, njo nani anawafukuza?" akamwuliza Jean-Bosco.

"Hapana muntu. Wanashindana tu."

"Na wa mwisho wanamupeleka wapi?"

Jean-Bosco alidhani ni utani. Wakati huohuo akatokea msichana mmoja aliyekuwa ameanguka njiani. Aliinuka, akafika chini amechelewa kuliko wote. Akavua miwani yake mikubwa, akacheka, akampungia mtu mkono, labda mama yake, akaweka mbao zake begani akaenda zake. Hakuna aliyemgusa. Zéphirin alikaa pale hadi duka linafungwa, na mpira wa ndani akausahau.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa napepeta mchele. Alikuwa amelowa mvua, macho yanang'aa, na mimi nikaogopa kabla hajafungua mdomo.

"Yaya, nimeona muntu wa mwisho anacheka."

Akanieleza. Kisha akaniambia kwamba Jean-Bosco amependa wazo: mashindano ya kushuka Lukonge, baisikeli bila mizigo, mshindi apewe pikipiki, watu wajue duka. Nilimkatalia palepale. Nilimwambia mpanda ngazi hushuka, na yeye Mungu alishamshusha salama, sasa ngazi ya pili anaitafutia nini na mvi hizi?

"Nimeshinda sana, yaya, lakini ile ilikuwa kukimbizwa," alisema. "Nataka moja tu. Nifike wa kwanza, nigeuke nyuma, nione wa mwisho anafika, anacheka, anaenda kwake. Kisha nitalala muzuri."

Nikarudia kupepeta mchele. Ningemwombea nini kingine, kama si usingizi? Lakini moyo wangu ulikataa, na ulikataa hadi siku yenyewe. Mado naye alilia kwa siri, akamfulia fulana ya kukimbilia. Na Christelle, aliposikia, alisema jambo moja tu: atakwenda kutazama. Alilisema kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko matusi.

Mbio zilipangwa Alhamisi. Tulivuka mto Jumatano, tukapanda nyuma ya lori hadi kijiji kilicho chini ya mlima. Mvua za mwaka zilikuwa zimeila barabara. Baada tu ya kona kubwa, mahali ambapo anayeshuka haoni hadi amefika, maji yalikuwa yamechimba korongo upande wa kushoto, refu kwenda chini kuliko nyumba. Zéphirin aliifungua njia mwenyewe, na wale wengine wakatembea nyuma yake kuitazama. Alikata matawi mengi mabichi, akayalaza juu ya kona, vikonyo kushoto. Wakakubaliana wote: ukiyaona majani, shika kulia kabisa. Wilfried, kijana dereva wa pikipiki aliyekuwa na kasi kuliko vijana wote, alisema haina shida, majani yanaonekana hata ukiwa mbali.

Alhamisi asubuhi tukaambiwa tungoje. Kulikuwa na mheshimiwa aliyealikwa, wenyewe walimwita Onorable, na gari lake lilikuwa limekwama njiani. Tukangoja. Ijumaa tukangoja tena, jua kali lisilo la msimu, watu wanakula akiba zao na kuanza kununiana. Zéphirin alikuwa anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mara mbili alianza kupanda mlima kwenda kubadilisha matawi akaitwa arudi, mheshimiwa anakaribia. Mheshimiwa hakuwa anakaribia.

Aliingia Jumamosi asubuhi. Na Jumamosi, kwetu, ni siku ya salongo, usafi wa pamoja, kila mtu na fagio lake na jembe lake. Shefu wa kijiji, kwa kutaka kumpendeza mgeni, aliwatoa watu alfajiri wafagie barabara kutoka juu hadi chini. Sisi wageni tulikuwa bado tumelala. Wanakijiji wale walikuwa watu wa njia, desturi wanaijua kuliko wengine wote. Walikuta juu ya kona rundo la matawi yaliyokauka kwa jua la siku mbili, na kwao tawi kavu ni jambo lililopita. Wakayatupa porini kwa moyo mweupe kabisa; korongo lenyewe walishalizoea. Wakati wa vita hakuna aliyewahi kulaza majani Jumatano akashuka Jumamosi. Walilaza wakashuka saa ileile. Kanuni haikujua habari za waheshimiwa wanaochelewa.

Mimi nilikuwa chini, pamoja na Mado, Christelle na wanawake wengine wa Mikelenge. Walileta kiti cha mikono kwa ajili ya mheshimiwa wakakiweka kando ya barabara, kivulini. Ndipo palepale alipokuwa akikaa Komanda. Polisi wawili wakaja na kamba ya kuzuia watu. Niligeuka kumtazama Christelle. Alikuwa anakitazama kile kiti. Nikamwambia Mado twende juu tukamzuie. Mado akasema, "Tumeisha chelewa, yaya. Filimbi iko karibu."

Yaliyotokea juu nayajua kutoka kwa Wilfried, aliyenisimulia jioni ile. Asubuhi hiyo washindani walikuwa wamepanda kwa njia ya mkato, baisikeli begani, bila kuipita ile kona. Alisema Zéphirin alimwomba Jean-Bosco kwa simu amwache atangulie kidogo kufungua njia tena.

"Majani imeisha kauka," alisema. "Siku mbili njo nyingi."

"Papa Zéphirin, njia iko sawa, shefu ameitengeneza," Jean-Bosco akamjibu. "Onorable ana haraka."

Filimbi ikalia.

Chini tulisikia kelele za watu walio juu, kisha kimya, maana ile kona kubwa huficha kila kitu. Hapo kati unasikia tu ndege. Nilikuwa nimeushika mkono wa Mado, au yeye wangu. Kisha akatokea wa kwanza kwenye mteremko wa mwisho, na watu wakapiga vigelegele, na mimi nikatafuta fulana aliyoifua Mado. Haikuwa ile. Alikuwa Wilfried. Akapita mstari, lakini hakunyanyua mikono, akawa anatazama nyuma. Akafika wa pili, na wa tatu, na wengine kwa kundi, vumbi tupu. Nilimtazama kila mmoja usoni. Mdogo wangu hakuwemo.

Mado akakaa chini. Nililaani mlima, nikamlaani Jean-Bosco na televisheni yake, nikaanza kupanda mbio, mimi na unene wangu. Polisi akanishika. Hapo ndipo mtu mmoja alipopiga kelele kwamba yule pale anakuja.

Alikuwa anakuja kwa miguu, polepole, anasukuma baisikeli iliyopinda gurudumu la mbele, tawi bichi mkononi. Alikuwa mzima. Damu kidogo gotini. Watu wakaanza kucheka, maana walikuwa wamengoja siku tatu kumwona Shampioni, na Shampioni anafika kama mzee anayetoka shambani. "Shampioni, baisikeli imekuacha?" Nami nikacheka, kwa furaha, machozi yananitoka.

Wilfried alisema hivi. Zéphirin aliwaacha wote mbali. Alipofika kwenye kona aliikuta barabara nyekundu, tupu, ina mistari ya mafagio. Yeye alijua korongo lilipo, akashika kulia akalipita. Mbio zilikuwa zake; mbele yake hapakuwa na kitu ila mteremko na sisi. Lakini nyuma walikuwa wanakuja vijana waliokuwa wakiyasubiri majani. Akaitupa baisikeli chini, akavunja tawi la kwanza alilolifikia, akakimbia kurudi juu hadi ukingoni mwa korongo, akasimama katikati ya upande wa kushoto akipunga. Wilfried alimwona ghafla usoni pake, akavutia kulia, akapita akimkwaruza goti. Wote walipita. Alisimama pale hadi alipohakikisha hakuna mwingine.

Kwa hiyo alifika wa mwisho. Na alikuwa anaujua mwisho ule kuliko mtu yeyote duniani, ila alikuwa hajawahi kuufikia yeye mwenyewe.

Alivuka mstari, na kicheko cha watu kilikuwa kikubwa. Mimi nilikuwa namngojea acheke nao. Aliinua macho akakiona kile kiti cha mikono, na mtu mnene mwenye suti amekaa ndani, na polisi wawili na kamba. Akailaza baisikeli chini taratibu. Akavua fulana. Akakaa kwenye vumbi, akapeleka mikono yake nyuma, akainamisha kichwa.

Watu walizidi kucheka. Jean-Bosco alipiga makofi, akamwambia mheshimiwa kwamba mzee huyu ni mchekeshaji. Wanawake wa Mikelenge hawakucheka. Kicheko kilikufa kidogokidogo kwa wenye umri wa kukumbuka, wakabaki vijana peke yao, kisha nao wakanyamaza bila kujua kwa nini. Nilimkimbilia. Nikamwita jina lake, nikamtikisa bega. Bega lilikuwa gumu kama ubao.

"Zéphirin, simama. Umewaokoa watoto wa watu. Simama twende."

Hakunitazama. Mado akamletea fulana amvishe, yeye akakaza mikono yake nyuma, tukashindwa kuitoa, wanawake wawili wazima. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni, na mimi nikalia kwa sauti mbele ya mheshimiwa na watu wake wote, sikujali.

Ndipo Christelle alipotoka katikati ya wanawake. Watu wakampisha. Alikuja akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile Zéphirin akamtazama usoni.

"Wanakuya saa ngapi?" Zéphirin alimwuliza.

"Hawakuyi tena," alisema Christelle. "Waliisha enda wote."

Zéphirin alitikisa kichwa, kwa adabu, kama unavyomkatalia mtu mwema anayekudanganya ili ule. Akainamisha kichwa tena. Nyuma yetu wakawasha pikipiki mpya ya Wilfried, na alipousikia mngurumo ule akafumba macho.

Christelle aliinama. Sijui aliwaza nini, na sitamsingizia. Kisha akamshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama anavyoshika askari.

"Simama," alimwambia. "Twende."

Zéphirin akasimama mara moja. Akatembea mbele yake, bila fulana, mikono nyuma, njia yote hadi kwenye lori lililotuleta, na hakuuliza anapelekwa wapi.